Mto haukimbii: neno moja la Kiingereza lenye maana mamia

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mkulima wa zabibu hapa Hombolo, elimu yangu ni darasa la saba. Binti yangu ameingia kidato cha kwanza mwaka huu. Juzi kwenye jaribio la Kiingereza walipewa sentensi hii waitafsiri: "The river runs through the village." Akaandika, "Mto unakimbia kijijini." Akapigwa kosa. Lakini "run" si ndiyo kukimbia? Nikaazima kamusi kwa jirani, nikakuta neno hilo moja lina maana zaidi ya thelathini, nikaifunga. Je, Waingereza wamekosa maneno? Mtoto ayakariri yote hayo? Ameanza kusema Kiingereza hakiwezi. Nimsaidieje mimi nisiyekijua?

JIBU: Marahaba mama, na pole na shamba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeuliza mambo manne, na la mwisho ndilo zito. Nitalifikia.

Nianze na binti, maana ndiye aliyeumia. Alichoandika si ujinga. Shule ya msingi alifundishwa kwamba "run" ni kukimbia, na ni kweli. Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, alikimbia marathoni ya ubingwa wa dunia kule Tokyo mwaka 2025 akachukua dhahabu. Mwingereza akisimulia habari hiyo atasema "run", wewe ukitafsiri utasema kukimbia, na hakuna atakayekukosoa. Binti alikuwa na ufunguo mmoja, akaujaribu kwenye mlango uliokuwa mbele yake. Mwalimu naye alikuwa na haki ya kumpiga kosa, kwa sababu Kiswahili chetu husema mto unapita, au unatiririka. Kilichokosekana kati yao ni maelezo, na darasa lenye watoto wengi halina nafasi ya maelezo kwa kila sentensi.

Ninayatoa hapa kwa urefu kwa sababu binti yako hayuko peke yake. Watoto wetu wengi wanasoma miaka saba kwa Kiswahili, kisha wanaingia kidato cha kwanza na siku hiyo hiyo Kiingereza kinakuwa lugha ya karibu kila somo. Katika miaka yangu ya kufundisha niliona kwamba maneno marefu hayawaangushi sana. Hayo wanajua kuwa hawayajui, kwa hiyo wanauliza. Wanaanguka kwenye maneno mafupi wanayodhani wanayo tayari: "run", "set", "get", "take", "put".

Sasa tulichimbe neno lenyewe. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, katika Kiingereza cha kale, kulikuwa na kitenzi "rinnan". Kilitumika kwa mtu anayekimbia na kilitumika vilevile kwa maji yanayotiririka. Ndugu yake yuko hai mpaka leo katika Kijerumani, "rinnen", na kazi yake ni ya maji, kutiririka. Kwa mtu anayekimbia Wajerumani wana "rennen", tawi la shina lilelile. Kwa hiyo Mwingereza anaposema "the river runs", hajaupa mto miguu, wala hajaufananisha na mtoto anayekimbilia shule. Maji yalikuwemo ndani ya neno hilo tangu zamani, bega kwa bega na mkimbiaji. Sisi tulilipasua vipande viwili, kipande cha mkimbiaji tukakipeleka darasani, cha maji tukakiacha mlangoni.

Ningetakiwa kulieleza "run" bila kutumia neno kukimbia, ningesema hivi: kwenda mfululizo bila kukwama. Mshikishe binti maana hiyo, kisha mtembee nayo.

Twende kwanza kwenye maji, maana hapo wewe ni mjuzi kuliko mimi. Mito yetu mingi huku Dodoma ni ya msimu. Kinyasungwe Ndogo, inayoleta maji katika Bwawa la Hombolo, kiangazi unaivuka kwa miguu huku vumbi la mchanga likikupanda magotini, na mvua zikinyesha kweli hakuna anayethubutu. Mwingereza ataandika "the river runs only in the rainy season". Sisi tutasema mto huu hupitisha maji wakati wa mvua tu. Bomba lililofunguliwa nalo kwake "is running". Kwetu bomba linatoka maji. Mtoto mwenye mafua, pua yake "is running". Kwetu kamasi zinamtoka. Ukiloweka kanga mpya na beseni likageuka jekundu, kwake rangi "has run", na sisi tuna neno zuri kuliko lake: kanga inachuja. Damu mwilini "runs", na kwa kuwa damu ni ukoo, jambo linalorithiwa kwao "runs in the family". Kama katika nyumba fulani babu, baba na mjukuu wote wana sauti ya kuimba, Mwingereza atalisema hivyo, nasi tutasema kuimba kumo kwenye damu yao. Zote hizo ni maji ya chemchemi moja.

Sasa simama mwanzoni mwa mstari wa mizabibu yako. Kwenye nguzo ya kwanza waya umefungwa, unapita nguzo ya pili, ya tatu, unaendelea mpaka ukingoni mwa shamba. Waya huo haujasogea hata inchi tangu ulipokazwa. Lakini kwa Kiingereza utasikia "the wire runs along the row". Kitu kisichokwenda kinawezaje ku-"run"? Ni jicho lako linalokwenda. Linaanza nguzo ya kwanza na kuteleza bila kukwama mpaka ya mwisho, na lugha inampa waya safari ya jicho. Usije ukadhani ni ajabu ya Waingereza. Mgeni akikuuliza njia utamwambia, "Barabara hii inakwenda Kondoa." Barabara imelala pale pale usiku na mchana, na wewe umesema inakwenda, naye amekuelewa.

Kisha zikaja mashine, na hapo ndipo neno lilipozaa kuliko wakati wowote. Karne ya 19 Uingereza ilijaa injini za mvuke, viwanda na reli. Treni iliyokuwa ikienda mfululizo juu ya reli ikapewa "run". Injini inayozunguka bila kusimama, "run", hata kama imefungwa sakafuni kwa boliti. Kiwanda chenye injini hizo, "run". Mwenye kiwanda naye akawa ana-"run" kiwanda, yaani anakifanya kiende. Kutoka hapo ni hatua fupi kufika kwenye duka, shule, ofisi, na sasa programu ya kompyuta. Treni ya SGR iliyoanza safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 ikielezwa kwa Kiingereza "runs", na mashine ya kusaga ya pale sokoni kwenu nayo "runs", na mwenye mashine "runs a business".

Hapo mama, tulia kidogo, kwa sababu Kiswahili kina neno lililopita njia hiyo hiyo. Chukua kitenzi kwenda. Kifanye kitu kiende, unapata kuendesha. Dereva anaendesha gari. Fundi anaendesha mtambo. Wewe unaendesha kilimo chako, mwenyekiti anaendesha kikao, hakimu anaendesha kesi, na vijana wa kompyuta wanaendesha programu. Halafu mtoto akiharisha tunasema anaendesha, na muuguzi anaandika kwenye kadi bila kuuliza anaendesha nini. Waingereza nao, maradhi hayo hayo, katika maongezi ya kawaida wanayaita "the runs". Lugha mbili zisizo na undugu, moja ilizaliwa kwenye baridi ya kaskazini, nyingine pwani ya Afrika Mashariki, zimechukua wazo la kwenda bila kusimama zikalipeleka kwenye biashara, kwenye mashine na kwenye tumbo la mtoto. Nimefundisha kwa miaka mingi na jambo hilo bado linanifurahisha kila ninapolifikiria.

Hata kukimbia kwenyewe, neno tunalolidhani lina maana moja tu ya miguu, litazame Mwenge wa Uhuru unapofika wilayani. Tangazo linasema Mwenge utakimbizwa katika vijiji kadhaa, utazindua madarasa, utakagua visima. Tunatoka barabarani kuupokea, nao unafika juu ya gari. Mwendo kati ya kijiji na kijiji ni wa magari, na bado tunasema umekimbizwa, ni mbio za Mwenge, na kiongozi wake ni kiongozi wa mbio. Neno limeachana na miguu likabaki na maana ya kupita kila mahali bila kuzimika. Hakuna Mtanzania anayeona kosa hapo. Mgeni anayejifunza Kiswahili kwa kamusi ndiye atakayekwama, kama binti yako alivyokwama kwenye mto.

Umeuliza kama Waingereza wamekosa maneno. Hawakukosa, na nitakuonyesha kwa kinywa chako mwenyewe. Asubuhi unapiga mswaki, unapiga deki, unampigia binti sare pasi. Jirani anapiga hodi. Unapiga simu Dodoma mjini kuulizia bei. Mchana fundi anapiga lipu ukuta wako mpya, mtoto anapiga chafya, mzee kibarazani anapiga miayo. Jumapili unapiga magoti, na mwaka wa uchaguzi unapiga kura. Siku nzima hakuna aliyempiga mtu. Mgeni akija na kamusi yake ndogo inayosema kupiga ni kumwadhibu mtu kwa fimbo, utamwonea huruma. Je, Mswahili naye amekosa maneno? Hapana. Neno linalotumika kila siku huota matawi kila siku, na lisiloguswa hubaki kijiti. Ndivyo ilivyo katika lugha zote nilizowahi kuzisoma: maneno yenye maana nyingi ni yale mafupi ya nyumbani, ya mikono, ya miguu, ya kuketi na kusimama.

Nikutenganishie jambo moja ili lisikuchanganye. Neno kaa tunalo la kuketi, la moto na la yule wa baharini mwenye magamba. Hayo ni maneno matatu tofauti yaliyofanana sura tu, kama watu watatu wasio ndugu wanaoitwa Juma. Kamusi nzuri za Kiswahili, kwa mfano Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1981, huyaweka mbalimbali na kila moja kulipa namba yake. Piga ya pasi na piga ya simu ni jambo jingine. Hizo ni ndugu wa tumbo moja. "Run" ni ya aina hiyo ya pili, na ndiyo sababu haihitaji kukaririwa kama orodha. Ndugu ukimjua mama yao, sura zao unazikisia.

Na hiyo orodha, mama, ukijua urefu wake hutashangaa ulivyofunga kamusi. Kamusi kubwa ya Kiingereza ya Oxford, toleo la pili la mwaka 1989, ilikuwa na neno "set" kama bingwa wake, maana zaidi ya 430 kwa kitenzi peke yake. Walipokuja kulipitia upya neno "run", mhariri mmoja, Peter Gilliver, alikaa nalo zaidi ya miezi tisa. Alipomaliza alikuwa amehesabu maana 645 za kitenzi tu, na "run" ikalipita "set". Muda wa kubeba mimba umekwisha kwenye neno moja. Hakuna Mwingereza anayezijua zote. Nyingine zimekufa, nyingine ni za mabaharia, za wafumaji, za wachimba madini. Mtoto wa Kiingereza anaanza na bomba na pua, ya biashara anaisikia akikua. Hakukaririshwa na mtu.

Kuna tawi moja ambalo sisi wa Dodoma tunapaswa kulifahamu vizuri kuliko wengine, maana Bunge liko hapa. Marekani mtu anayetaka cheo kwa kura "runs for office". Wao wanaona mashindano ya mbio, wa kwanza kufika ndiye mshindi. Uingereza, lugha hiyo hiyo, mtu huyo huyo "stands": anasimama mbele ya watu wamtazame. Na sisi tunasema anagombea, neno linaloleta picha ya kuvutana, watu wawili wameshika kitu kimoja na kila mmoja anakivutia kwake. Magazeti yetu ya Kiingereza hutumia zote mbili, ya Marekani na ya Uingereza, na mwanafunzi anayesoma habari za uchaguzi anachanganyikiwa: huyu anakimbia au anasimama? Mwambie binti vyote viwili ni kugombea.

Humo ndimo alimotoka "running mate", ambaye sisi tunamwita mgombea mwenza. Zamani huyo alikuwa farasi. Katika mbio za farasi, mwenye zizi aliweza kuingiza farasi wawili, mmoja ndiye anayetarajiwa kushinda na mwingine kazi yake kukimbia naye na kumwekea mwendo. Kutoka hapo Wamarekani wakalipeleka kwa wanasiasa. Waliotupa neno mgombea mwenza walifanya kazi nzuri sana. Wangeweza kuandika mkimbiaji mwenza, na leo tungekuwa tunalisoma kwenye karatasi ya kura bila kujua mbio zilikuwa wapi. Waliacha sauti ya neno wakachukua kazi yake. Binti akiweza kufanya hivyo kwenye sentensi za jaribio, ameshika ufundi wote wa kutafsiri.

Kosa la neno hili linaweza kugharimu zaidi ya alama moja. Miaka iliyopita niliitwa kwenye kijiji kimoja upande wa Bahi kusoma karatasi ya maelekezo ya pampu ya kisima. Ilikuwa imetafsiriwa tayari, imechapwa vizuri, imewekwa ndani ya nailoni na kubandikwa ukutani. Mstari wa nne ulisema: "Pampu isikimbie kavu." Mzee aliyekabidhiwa ufunguo wa kibanda aliniambia aliusoma mstari huo mara nyingi, akadhani ni habari ya kuifunga pampu vizuri isihame mahali pake, akakagua boliti kila asubuhi kwa uaminifu. Kiangazi kile maji yalishuka chini kisimani, pampu ikawa inazunguka tupu, ikaungua. Kwenye Kiingereza ilikuwa "the pump must not run dry". Nilipomweleza maana yake, yule mzee aliinamisha kichwa, kisha akasema, "Wangeandika pampu isivute hewa, ningezima." Maneno matatu, ya mafundi wetu wenyewe, yangeokoa pampu. Akina mama wa kijiji kile walirudi kuchimba maji kwenye mchanga wa korongo mpaka pampu nyingine ilipopatikana. Tangu siku ile sijamruhusu mwanafunzi wangu hata mmoja kuandika sentensi ambayo yeye mwenyewe hawezi kumwambia fundi, au mama yake, akaelewa.

Turudi shuleni. Binti atakutana na neno hili katika masomo mengi, na kila somo litakuwa na lake. Kwenye biashara atasoma "running costs", gharama za uendeshaji. Wewe unazijua, ni dawa, maji, vibarua wa kupogoa na nauli ya kupeleka zabibu sokoni. Kwenye kompyuta ataambiwa "run the program", aendeshe programu. Kwenye jiografia atakuta "run-off", na hilo asilipite haraka, kwa sababu limeandikwa kwenye ardhi ya mkoa wake. Ni maji ya mvua ambayo ardhi haikuyanywa, yakatiririka juu juu yakibeba udongo. Wazee wa Kondoa wanaifahamu kazi ya maji hayo kwa macho. Miti ilikatwa, mifugo ikazidi, maji yakachimba makorongo yanayoweza kumeza nyumba. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, ambao watu waliuita HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika zaidi ili majani yapate kurudi. Mtoto akielezwa "run-off" hivyo, kwa makorongo ya Kondoa, hawezi kuisahau kwenye mtihani, na hataandika maji yanayokimbia mbali.

Jambo linaloleta tabu kuliko yote ni viambatanisho, yale maneno madogo yanayofuata nyuma. Hapa sitakudanganya kwamba kisio linatosha kila mara. "Run out of sugar" ni kuishiwa sukari. "Run over" ni kumgonga au kumkanyaga mtu kwa gari. "Run into" mtu ni kukutana naye bila kutarajia, na sisi pia tunasema, nimegongana naye sokoni. "Run away" ni kutoroka. Hayo ajifunze kama yalivyo, neno na kiambatanisho chake pamoja, kama wewe usivyomfundisha mtoto "kata" peke yake ukategemea ajue mwenyewe kukata tiketi, kukata rufaa na kukata tamaa. Alijifunza kila moja kwa kuisikia ikisemwa mahali pake.

Sasa lile zito: umsaidieje. Mama, unayo nusu ambayo kamusi haina, nayo ni Kiswahili cha kweli. Binti analeta sentensi, wewe unauliza swali moja: ni nini hapo kinacho-"run"? Ni mtu? Ni maji? Ni mashine? Ni kitu kirefu kilicholala, kama waya au barabara? Au ni mtu anayekifanya kitu kiende? Akishajibu, unamuuliza, "Na sisi hapa nyumbani tunasemaje?" Usimpokee jibu mpaka liwe neno ambalo ungelitumia na jirani yako. Akikwambia "pua inakimbia", mwambie hujawahi kumsikia mtu akisema hivyo, atafute. Ataipata. Kwa kazi hiyo huhitaji Kiingereza hata kidogo, unahitaji sikio, na lako limesikia Kiswahili miaka mingi kuliko lake.

Jaribuni jioni moja mkiwa jikoni. Mpe sentensi hizi azisome kwa sauti: "My mother runs a farm." "The bus runs twice a day." "Water is running down the wall." "He ran a fever for three days." "It has rained four days running." Kila sentensi aigeuze bila kugusa neno kukimbia. Ya kwanza ni wewe, unaendesha shamba. Ya pili, basi lina safari mbili kwa siku. Ya tatu, maji yanachuruzika ukutani. Ya nne itamsumbua, kwa sababu homa haina miguu wala maji. Mwache ahangaike kabla hujamwambia kwamba mtu huyo alikuwa na homa siku tatu, ilimwendea mfululizo. Na ya tano ndiyo ninayoipenda kuliko zote: mvua imenyesha siku nne mfululizo. Hapo neno la Kiingereza na maana niliyokupa mwanzoni zimekutana uso kwa uso.

Kuhusu kamusi, ile ya jirani inatosha, usinunue nyingine. Mwelekeze tu namna ya kuisoma. Kamusi ndogo za wanafunzi kwa kawaida huanza na maana inayotumika zaidi na kushuka chini, kwa hiyo akiona thelathini, tano au sita za juu zitamfikisha mbali mwaka huu. Na asisome maana peke yake. Asome mfano ulioandikwa chini yake, kwa sababu ndani ya mfano ndimo neno linapoonekana likifanya kazi. Ile kubwa ya Oxford huanza na ya kale zaidi, nayo ni ya watu wa kazi yangu.

Fedha ambayo ungenunulia kamusi mnunulie kaunta buku. Kila neno fupi alipe kurasa mbili, "run" kurasa nne. Upande wa kushoto aandike sentensi nzima ya Kiingereza kama alivyoikuta kitabuni, upande wa kulia Kiswahili chako na chake mlichokubaliana. Asiandike neno peke yake hata mara moja. Sentensi ya kwanza kabisa iwe ile iliyompigisha kosa, na mbele yake aandike: Mto unapita katikati ya kijiji. Akimaliza, aende nayo kwa mwalimu wake aliyesahihisha jaribio, amwonyeshe, amuulize kama kuna mto mwingine anaoweza kuuongeza.